Kliniki ya serikali hapa Lamu: nyota nne, ya tano nimeikata kwa sababu ya benchi

Watu wananiuliza kwa nini niliacha kliniki ya pesa nikaenda ya serikali, basi naandika hapa mara moja. Mi ni nahodha, miaka 36, sina presha sina sukari. Asubuhi moja nafunga kikoi mkono wa kulia ukagoma, najaribu tena kikoi chini, mke wangu anacheka akidhani natania mpaka aliposikia naongea kama mlevi. Mtaa mzima ukasema nimepigwa na upepo baharini.

Pale kwa kwanza sipataji. Nimelipa elfu na mia tano, presha 118 kwa 76, aliyenipima akasema stroki, nikapewa aspirini na maneno ya mazoezi, kwisha. Kichwa kilikuwa kinanipasua wiki tatu na homa za usiku juu, mi nadhani malaria, na yeye hakuuliza.

Huku kwa serikali klinikal ofisa ni dada mdogo tu lakini aliniuliza mpaka nikachoka. "Kaka, stroki kwa umri wako na presha nzuri hivi lazima tujue imetoka wapi, nikupime na HIV pia?" Nikamwambia pima. Kidole kikadungwa, dakika ishirini hivi, pozitivu, wakarudia na kipimo kingine, ni ileile. Wallahi sikuwa na wazo.

Nikatumwa Mombasa kwa CT scan (boti mpaka Mokowe halafu basi, na ile ya CT nililipa mwenyewe), ikaonekana uvimbe kwenye ubongo, toxoplasma. Ni kijidudu cha kwenye mavi ya paka na nyama isiyoiva vizuri, wengi wanacho kimelala tu, kinga ikishuka ndo kinaamka. CD4 yangu (kipimo cha kinga ya mwili) ilikuwa 64, chini sana. Na paka wa Lamu mnawajua, ila mi nashuku zaidi mishkaki nusu mbichi ya usiku.

Septrini dozi kubwa, wiki ya pili kikoi nakifunga mwenyewe. Halafu ndo ARV, dawa za HIV, kidonge kimoja kwa siku, bure.

Sasa benchi. Liko nje kabisa ya mlango wa kaunsela, njia ya watu wa sokoni, kila anayepita anakusalimia kwa jina. Wekeni hata pazia jamani.

Mke wangu alipimwa pia, negativu. Jumatatu foleni ni ndefu mno, nendeni Alhamisi mapema.