Vokey SM10 ya digrii 56: soli ipi ya Nyali, ipi ya Limuru

Ukiingia dukani kutafuta weji, kijiti cha gofu cha kupandisha mipira ya karibu, muuzaji atakuuliza unataka digrii ngapi, yaani uso umelala kiasi gani. Ukisema 56 anakuletea iliyopo kabatini, unalipa, kwisha habari. Kwetu Pwani hilo ni swali la pili. La kwanza ni soli, tumbo la chuma linalogusa ardhi.

Vokey SM10, toleo la Titleist lililotoka 2024, lina weji za digrii 56 zenye soli mbalimbali. Nimecheza na tatu: 56.14F, 56.10S na 56.08M. Moja ni yangu, mbili nimeazima kwa wenzangu wa klabu. Nimezitumia kwenye uwanja wa Nyali, Mombasa, ndiko nyumbani, na ule wa Limuru, bara, ambako shemeji yangu hunialika. Ukizitazama kwa juu ni mapacha watatu, uso uleule na mistari ileile. Zigeuze tumbo ndipo uone kila mmoja ana baba yake.

Namba ya pili, 14 au 10 au 08, ni baunsi. Weka weji chini, mpini ukiwa wima, uchungulie: ukingo wa mbele umeinuka kidogo, kinachogusa ardhi ni soli nyuma yake. Pembe hiyo ndiyo inayokifanya chuma kiteleze badala ya kuchimba. Aliyeipa umaarufu ni Gene Sarazen, Mmarekani aliyeongeza chuma kwenye soli ya weji yake na kushinda nayo mashindano ya Open ya Uingereza kwenye uwanja wa Prince's mwaka 1932. Kabla yake, kutoka kwenye banka, lile shimo la mchanga, kulihitaji dua. Herufi ya mwisho inaeleza soli imekatwaje. F ni soli nzima, ya mtu anayepiga uso ukiwa umenyooka. M imepunguzwa kisigino, ncha na nyuma, kwa hiyo ukiufungua uso, yaani ukiulaza zaidi, ukingo hauinuki sana. S iko kati, imepunguzwa nyuma tu.

Sasa twende uwanjani. Nyali mwezi wa Februari, kaskazi inavuma na mvua tumeisahau. Nyasi zimekonda, ardhi imekaza. Mpira wangu umelala mahali palipo wazi kabisa, mbele yangu kuna banka, na bendera iko karibu na ukingo wa huku. Nikatoa 14F. Kedi wangu, mbeba mkoba, kijana wa Kisauni asiyependa maneno mengi, akatazama chini akasema, "Mzee, hapo itaruka." Nikapiga hivyo hivyo, maana nilikuwa najaribu vifaa. Soli ilidunda, ukingo ukaugonga mpira tumboni, mpira ukavuka grini, zile nyasi fupi zenye bendera, kama umeitwa. Nikaweka mwingine palepale na kuchukua 08M. Chuma kilipita chini yake bila kelele, mpira ukapanda, ukatua, ukasimama baada ya kudunda mara mbili. Kwa ardhi ya namna hiyo, M haina mpinzani.

Lakini msikimbilie kununua M. Limuru iko juu ya mita 2,000, mashamba ya chai pande zote, na wakati wa mvua ndefu ardhi yake hunywa maji hadi viatu vinazama. Nyasi ni kikuyu, zilezile zilizosafirishwa hadi zikawasumbua mabingwa kwenye uwanja wa Riviera, Los Angeles. Nene, zimesukana, na mpira hukaa juu juu ukidhani umepewa zawadi. Hapo 08M ilizama. Nilichota bonge la tope lenye nyasi zake, mpira ukasogea hatua mbili, na shemeji akajifanya anafunga kamba za kiatu. 14F mahali hapo hapo ilipita kwa raha zake, hata nilipoanza kugusa ardhi nyuma ya mpira.

Kwenye mchanga mambo yanageuka tena, na hili watu wengi wa Pwani hawaliangalii. Uwanja uleule mmoja hubadilika. Mchanga ukiwa mkavu na mwingi, soli pana ya F ndiyo rafiki, hata Nyali. Mvua ikishaupiga ukashikana, F inadunda na M inapenya. Kabla ya kupiga, sikilizeni miguu yenu mnapoingia kwenye banka. Kanuni hazikuruhusu kuujaribu mchanga kwa chuma, lakini kuchimbia miguu ili usimame imara unaruhusiwa.

Mimi nimebaki na 56.10S. Haikuwa bora kuliko zote mahali popote, na haikunitia aibu mahali popote. Kanuni zinaruhusu vijiti 14 tu, na weji iliyokuja na seti yangu ya vyuma ina digrii 44, hivyo napanga 44, 50, 56 na kuishia hapo. Wanaoniuliza kuhusu weji ya digrii 60, inayopandisha mpira zaidi, nawaambia wangoje kusi ianze. Mpira uliopanda juu vile kwenye upepo wa baharini unatua panapoutaka upepo.

Angalieni pia mkono wenu. Kama kila ukipiga unaacha shimo refu kwenye nyasi, wewe ni mchimbaji, na 14F itakusaidia hata kwenye ardhi ya wastani. Kama nyasi hubaki karibu zilivyokuwa, unafagia, na 08M itakufaa. Na kama handikapu yako (mapigo unayopunguziwa kufidia uwezo) ni juu ya 20 na mpira wa banka unakunyima usingizi, Vokey si lazima. Cleveland CBX, yenye tundu nyuma na soli pana, inasamehe zaidi ukigonga pembeni ya uso. Haina sura ya kujivunia, basi.

Kuhusu rangi: ile ya Raw haina mipako na hushika kutu kwa makusudi. Mombasa, kwa chumvi hii ya hewani, kutu haingoji mwaliko. Haiharibu mchezo, ila mkoba mzima utapakaa. Mimi nilichukua ya kromu.

Weji hizi ni ghali, na za mkono wa pili zipo nyingi. Ukinunua iliyotumika, pitisha ukucha kwenye mistari ya uso, hasa katikati kuelekea chini ambako mpira hugonga zaidi. Ukucha ukinasa vizuri, endelea na mazungumzo ya bei. Ukiteleza, mistari imekwisha. Mpira utatua na kukimbia bila breki hata soli ikiwa sahihi. Kisha igeuze usome namba mwenyewe, usikubali "56 ni 56 tu, bosi."