Bank Note History: pitia hapa kabla hujauza noti ya zamani ya Marekani

Kama una noti ya Marekani yenye jina la benki ya mji fulani, usiipeleke dukani kabla hujaingia Bank Note History, tovuti ya bure ya Society of Paper Money Collectors, chama cha wakusanyaji wa pesa za karatasi.

Majuzi jirani yangu hapa Ohio, mama mtu mzima, aliniletea dola 20 ya mwaka 1929, muhuri wa kahawia, aliyoikuta kwenye makaratasi ya marehemu baba yake. Duka moja lilimtajia dola 30 bila hata kuigeuza upande wa pili. Iliniuma. Noti hizi zilitolewa na benki za mitaani kwa idhini ya serikali kuu, kuanzia 1863 hadi 1935, na thamani yake iko kwenye benki na mji. Andrew Jackson ni yuleyule kwenye kila dola 20 ya mwaka huo. Soma maandishi meusi pembeni yake.

Namba ya hati ya benki, yaani namba ya idhini ambayo benki ilipewa na serikali kuu, imechapwa kwa wino mweusi pande zote mbili za picha. Niliitafuta, ukurasa ukafunguka: marais na makeshia wa benki na miaka yao, aina za noti, jumla ya zilizotolewa, za umbo kubwa na za umbo dogo. Sahihi mbili za maofisa wa benki kwenye noti zikaoana na majina yale. Noti yake ni ya aina ya kwanza kati ya mbili za 1929, maana namba yake ya mfululizo inaishia na A, na namba ya hati haijarudiwa kwa kahawia. Angalizo: noti za Federal Reserve Bank za 1929 nazo zina muhuri wa kahawia, ila mahali pa namba ya hati pana herufi moja nene.

Kasoro zipo. Baadhi ya benki za vijijini zina orodha pekee, bila historia. Bei hupati, na idadi ya zilizotolewa siyo ya zilizobaki, kwa kuwa nyingi zilirudishwa zikateketezwa. Kwa bei, jisajili bure Heritage Auctions uone noti za benki hiyohiyo zilivyouzwa mnadani. Linganisha na zenye hali kama yako. Mkunjo, tundu la pini na kona iliyochanika vyote vinashusha. Na tafadhali, usiifue wala kuipiga pasi.

Ya jirani yangu tumeituma PMG, kampuni inayokagua noti na kuzipanga kwa ubora wa hali yake, ipangiwe daraja kwanza, mnada utafuata.