HMS Trincomalee, Hartlepool: siku yangu ndani ya manowari ya msaji

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, Lamu. Kwa hiyo nilipopanda Trincomalee, manowari ya kale iliyoko Hartlepool, Uingereza, macho yangu yalikwenda kwenye mbao kabla ya mizinga.

Mbao ni msaji, na meli iliundwa Bombay. Vita na Napoleon vilikuwa vimekula miti ya mialoni ya Uingereza iliyoundia meli, kazi ikapelekwa India kwa ukoo wa Wadia, Waparsi, Wahindi wenye asili ya Uajemi, waliorithishana uundaji wa meli. Fundi mkuu alikuwa Jamsetjee Bomanjee Wadia. Mwaloni una asidi inayokula misumari ya chuma. Msaji una mafuta yanayoihifadhi. Basi manowari iliyoshuliwa tarehe 12 Oktoba 1817 inaelea hadi leo, na zaidi ya nusu ya mbao zake ni zile zile za Bombay. Victory, manowari nyingine iliyoko Portsmouth, ni kongwe zaidi, lakini hiyo imekaa nchi kavu. Inayoelea, Uingereza hawana manowari kongwe kuliko hii.

Kisa kilichonishika ni cha michoro ya kuiundia meli hii. Ya kwanza ilipelekwa India kwa HMS Java, manowari ya Uingereza. Desemba 1812, mbele ya pwani ya Brazil, USS Constitution ya Marekani ikaishinda Java, ikachomwa moto, michoro ikapotea. Ikabidi itumwe nakala nyingine. Meli ilipofika Uingereza mwaka 1819, vita vilikwisha zamani, ikawekwa akiba hadi 1847. Baadaye ilifundisha vijana ubaharia kwa jina la Foudroyant, mpaka 1986. Hartlepool ndiko ilikotengenezwa upya, kazi ya zaidi ya miaka kumi.

Vaeni viatu visivyoteleza, maana ngazi ni za kusimama wima. Mwenye magoti mabovu atosheke na sitaha ya juu, na hapo pia atafaidi: milingoti mitatu, foromali (miti ya kufungia matanga), na kamba mpaka shingo ichoke kutazama.

Sitaha ya chini dari liko karibu na kichwa, nilitembea nimeinama. Huko ndiko tulikokaa sana mimi na binti yangu. Nilimweleza jinsi babu alivyotia kalafati, pamba iliyolowa mafuta ikishindiliwa kati ya mbao mbili, nyundo ikilia tangu asubuhi. Alipitisha kidole kwenye kiungo cha mbao, polepole, kutoka tezi, nyuma ya meli, kuelekea omo, mbele yake, akitafuta mahali pa kuingiza ukucha. Hakupapata.