Uzoefu wangu: programu ya maswali ya mazoezi kwa mtihani wa nadharia wa udereva

Kwa wiki sita nilijiandaa kwa mtihani wa nadharia wa leseni ya udereva nikitumia vitu viwili: kitabu cha kanuni za barabarani na programu ya simu yenye maswali ya mazoezi, ambayo niliilipia baada ya kuijaribu bure kwa siku chache. Mtihani nimefaulu, lakini programu ile, kwa namna nilivyoitumia mwanzoni, nusura inifelishe.

Wiki mbili za kwanza sikukifungua kitabu kabisa. Kila jioni nilifanya seti ya maswali 50, na maksi zikapanda kutoka 31 hadi 47, nikajiona nimeiva. Kisha programu ikasasishwa na kuanza kuchanganya mpangilio wa majibu, na jioni hiyohiyo nikapata 34. Swali lililonishtua lilihusu umbali wa kusimama. Nilikuwa nimezoea kulijibu kabla hata ya kulisoma, kwa sababu nilijua kwamba swali lenye picha ya gari jekundu kwenye lami iliyolowa jibu lake ni C. Kidole kikagusa palepale kilipozoea, skrini ikawaka nyekundu, nami nikatambua kwamba kwa wiki mbili nilikuwa nimekariri mahali jibu linapokaa, wala si kanuni yenyewe.

Usiku huo nilisoma sura nzima ya mwendo na breki. Umbali wa kusimama una sehemu mbili: ule ambao gari linakwenda dereva akiwa bado hajakanyaga breki, na ule linaokwenda breki zikiwa zimeshika. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo dereva anayetumia sekunde moja kuiona hatari na kuhamisha mguu ameshazimaliza mita hizo kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Sehemu ya pili inatisha zaidi, kwani mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki huongezeka takribani mara nne, na barabara ikilowa huzidi kurefuka. Nikishaelewa hivyo, maswali yote ya aina hiyo nikayajibu kwa kufikiri, hata yale niliyokuwa sijawahi kuyaona.

Programu nayo ilikuwa na maelezo ya jambo hili, mistari miwili tu, iliyofichwa chini ya kitufe kidogo ambacho hujitokeza pale unapokosa. Hilo ndilo ninalowalaumu waandaaji wake kuliko kasoro nyingine yoyote: anayebahatisha akapata haelezwi kwa nini amepata, na huyo ndiye anayehitaji maelezo kuliko wote, kwa maana kesho atakuwa nyuma ya usukani akiamini kwamba anajua.

Kwa alama za barabarani, hata hivyo, sijaona kinachoishinda. Hukuletea alama moja moja, kubwa, na ile uliyoikosa hurudi kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kuna swali moja ninalolikumbuka kwa furaha: bango limepakwa tope hadi maandishi hayaonekani, nawe unatakiwa kusema linaamuru nini. Jibu liko kwenye umbo. Pembe nane ni ya kusimama kabisa, na pembetatu iliyogeuzwa, ncha ikiwa chini, ni ya kuwapisha wengine. Maumbo hayo yametengwa kwa ajili ya amri hizo ili dereva azitambue hata bango likiwa limechafuka. Swali la namna hiyo hufundisha, na laiti yote yangekuwa hivyo.

Anayetaka kuilipia achunguze kwanza kama maswali yamefuata kanuni za nchi atakayofanyia mtihani. Mimi nilikutana na alama za tahadhari za umbo la almasi ya njano, kama zile za Marekani, zikiwa zimechanganywa na pembetatu zenye ukingo mwekundu. Hilo laweza kuvumilika. Lisilovumilika ni swali la mzunguko wa barabara lililoandikwa kwa nchi ambako magari hupita upande wa kulia na kuwekwa bila onyo lolote mbele ya mwanafunzi wa upande wa kushoto, kwa sababu gari la kupisha huko hutoka upande mwingine kabisa, na kosa la aina hiyo barabarani ni mgongano.

Maswali ya makutano yalinisumbua hadi nilipoachana na skrini. Nilichora njia panda kwenye karatasi, nikaweka vizibo vitatu vya chupa kama magari, na kila swali nikalisogeza kwa mkono: huyu anakwenda moja kwa moja, huyu anakata kona, nani ana haki ya kutangulia? Baada ya jioni tatu sikuhitaji tena vizibo. Katika chumba cha mtihani kulikuwa na swali lenye magari matatu na neno «isipokuwa» katikati ya sentensi, nami nililisoma mara mbili, nikavikumbuka vizibo vyangu, ndipo nikajibu.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Mdogo wangu anaanza mafunzo mwezi ujao, na nimemkabidhi kitabu pamoja na vile vizibo. Programu nitamwekea kwenye simu atakapomaliza sura ya makutano.