Kliniki ya homoni Nyegezi: huduma inayopima kabla ya kutoa dawa

Kliniki ninayoieleza hapa iko Nyegezi, jijini Mwanza, si mbali na stendi ya mabasi, na kibao chake kinasema kuwa inatibu matatizo ya homoni kwa kumwangalia mgonjwa mzima: damu yake, chakula chake, usingizi wake na mawazo yake. Nimehudumiwa hapo kwa muda wa kutosha kuweza kusema inachokifanya vizuri na inachopaswa kukirekebisha. Jina lake silitaji, kwa kuwa ninachotaka ni msomaji wa Mwanza, Sengerema au Ukerewe ajue huduma ya namna hii inapaswa kuwaje, popote atakapoikuta.

Wanawake wasioona siku zao, wenye chunusi zisizoisha, wanaonenepa bila kuelewa sababu, wanaotafuta mtoto kwa miaka, hata wanaoamka wakiwa wamechoka, wote siku hizi huambiwa kwamba wana mvurugiko wa homoni, kisha huuziwa pakiti ileile ya unga wa kuchemsha au kopo lilelile la vidonge. Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi mbalimbali na kusafirishwa na damu, na kila tezi ina namna yake ya kuharibika. Hedhi inaweza kusimama kwa sababu ya ujauzito, kwa sababu tezi ya thairoidi iliyoko shingoni imelegea au imezidisha kazi, kwa sababu prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, imepanda, kwa sababu ya sindano ya uzazi wa mpango ambayo athari yake huendelea kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha, kwa sababu ya umri wa kukoma hedhi, ambao kwa wengi huwa kati ya miaka 45 na 55, au kwa sababu ya PCOS, hali ya ovari kutopevusha mayai kwa mpangilio na homoni za kiume kuzidi, ambayo humpata takribani mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Hakuna dawa moja inayotibu yote hayo. Kwa hiyo kituo chochote kinachodai kutibu homoni mimi nakipima kwa kile kinachofanya kabla ya kutoa dawa, na kwa kipimo hicho kliniki hii imefaulu.

Unapopiga simu kuomba miadi, dada wa mapokezi hukuagiza uje na kila unachokunywa na unachojipaka, dawa za hospitali, za asili, vitamini na mafuta ya ngozi, vyote katika mfuko mmoja. Daktari, mama mtu mzima mwenye sauti ya utulivu, huvitoa mezani na kuvisoma kimoja kimoja. Katika mfuko wangu alitenga viwili. Cha kwanza kilikuwa vidonge vya biotini vya kukuza nywele. Alinieleza kuwa biotini nyingi mwilini hupotosha majibu ya thairoidi katika baadhi ya mashine za maabara, tezi isiyo na tatizo ikaonekana inafanya kazi kupita kiasi, na akaniambia nisimamishe vidonge hivyo kwa siku kadhaa kabla ya kutolewa damu. Cha pili kilikuwa krimu ya uso niliyopewa na wifi yangu, ambayo kwa maandishi madogo ya nyuma ilitaja klobetasoli. Hiyo ni steroidi kali. Ikipakwa mwilini kwa muda mrefu hupenya ngozi na inaweza kuzilaza tezi zilizo juu ya figo, ambazo ndizo zinazotengeneza kotisoli. “Mwanangu, umeipaka kwa muda gani?” aliniuliza, kwa kuwa mtu ambaye mwili wake umeshaizoea hapaswi kuiacha ghafla bila uangalizi. Kopo lilikuwa bado limejaa, akaridhika.

Kuhusu vipimo, katika baadhi ya maduka ya virutubisho mteja hushikishwa kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika chache hupewa karatasi yenye majibu ya mwili mzima, homoni zikiwemo. Kiwango cha homoni hakisomwi kwenye kiganja. Kwa kazi hii hupimwa katika damu, tena damu iliyotolewa kwa wakati wake. Projesteroni, inayoonyesha kama yai limepevuka na kutoka, hupimwa takribani siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa, yaani siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Akipimwa siku ya 5 itakuwa ndogo hata kama hana tatizo lolote. Prolaktini nayo hupandishwa na hofu na baadhi ya dawa, ikiwemo metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Muuguzi wa pale huandika juu ya fomu tarehe ya hedhi ya mwisho kabla hajafunga mpira mkononi, na kipimo cha mimba hutangulia vyote. Mama mmoja kutoka Sengerema aliyekuwa mbele yangu aliambiwa arudi wiki iliyofuata, bila kutozwa, kwa kuwa siku yake ya kupimwa projesteroni ilikuwa bado. Alinung’unika, na nauli ni nauli, lakini ningependa kila maabara ya mkoa huu iwe na uaminifu wa namna hiyo.

Mimi niligundulika kuwa na PCOS. Vigezo vinavyotumika vilikubaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003: mwanamke awe na mawili kati ya matatu, yaani mayai yasiyopevuka kwa mpangilio, homoni za kiume zilizozidi, kwa dalili au kwa kipimo, na ovari zenye vifuko vingi vidogo kwenye ultrasaundi, baada ya magonjwa mengine yanayofanana nayo kuondolewa katika orodha. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unasema pia kuwa mtu mzima mwenye dalili mbili za kwanza zilizo wazi hahitaji ultrasaundi ili agunduliwe. Mimi nilikuwa na hedhi inayopotea kwa miezi na ndevu kidevuni, hivyo daktari alipiga mstari juu ya ultrasaundi kwenye fomu yangu, na fedha ile ikalipia thairoidi na prolaktini. Alichukua muda pia kunieleza kuwa vifuko vinavyoonekana kwa wagonjwa wengi ni vya mayai ambayo hayakukomaa, si uvimbe wa kufanyiwa upasuaji. Wanawake wangapi wamelala macho wakiwaza kisu baada ya kuonyeshwa picha ile bila maelezo!

Kipimo kilichonichosha ni cha sukari. Unafika bila kula tangu usiku, unatolewa damu, kisha unapewa kikombe cha maji yaliyoyeyushwa gramu 75 za glukosi, matamu kiasi cha kukwama kooni, na unakaa saa 2 bila kula wala kutembeatembea hadi utolewe damu tena. Msichana aliyekaa benchi moja nami alitapika, akalazimika kupangiwa siku nyingine. Hata hivyo kipimo hiki kina maana kubwa, kwa sababu wengi wenye PCOS wana miili isiyoitikia ipasavyo insulini, homoni inayoshusha sukari. Kongosho huongeza insulini ili kufidia, insulini hiyo huzichochea ovari zitengeneze testosteroni zaidi, na baada ya miaka kisukari hubisha hodi. Sukari ya asubuhi peke yake inaweza kuwa ya kawaida wakati ile ya baada ya saa 2 imeshaanza kupanda.

Katika matibabu, daktari alinieleza jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa muuza unga yeyote. Hedhi isiyotoka kwa miezi mingi si suala la kupata mtoto tu. Estrojeni huendelea kuujenga utando wa ndani wa mji wa mimba, na pasipo projesteroni utando huo unaweza kunenepa na baada ya miaka kugeuka saratani. Mwanamke anayekaa zaidi ya miezi 3 bila kuona siku zake anahitaji kulindwa, kwa vidonge vya uzazi wa mpango au vya projestojeni, hata kama hatafuti mimba na hana maumivu yoyote. Kwa wengine huongezwa metformini, dawa inayosaidia mwili kuitikia insulini, na kwa anayetafuta mtoto dawa ya kwanza siku hizi ni letrozoli. Alinipa nafasi ya kuuliza na kuchagua, akaandika sababu ya kila dawa pembeni ya jina lake.

Chumba ninachokisifu kuliko vyote ni cha afisa lishe. Yeye anaijua Mwanza ya jikoni. Hakuniandikia parachichi na samaki wa baharini, aliniuliza nilikula nini jana, akatoa mabakuli ya ukubwa tofauti ili nimwonyeshe ugali wangu ulikuwa kiasi gani, akacheka kidogo, akasema, “Mdogo wangu, hakuna anayekufukuza kwenye ugali.” Tulipanga sahani upya: nusu iwe mboga, matembele, mchicha, mlenda au nsansa, robo iwe dagaa, sato au choroko, na robo iliyobaki ndiyo iwe ugali, wa dona inapowezekana. Kilichoondolewa ni soda ya mchana na maandazi ya asubuhi yanayoteremshwa kwa chai yenye sukari vijiko vitatu. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vilibaki, kwa kiasi cha konzi moja, si kutafuna tangu Nyegezi hadi Magu. Lengo halikuwa kukonda hadi nguo zote zivuke: kwa wenye uzito mkubwa, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurudisha hedhi. Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za kujishughulisha kwa wastani, naye aliniambia kuwa anayeishi Isamilo au Bugarika na kupanda mawe yale kila jioni asitoe fedha kununua uanachama wa jimu.

Kwa wagonjwa wa thairoidi ana somo jingine, na nililisikiliza kwa makini kwa kuwa sisi watu wa ziwa linatuhusu. Samaki wa maji baridi hawana madini joto mengi kama wa baharini, kwa hiyo kula sangara kila siku hakumkingi mtu na rovu. Muhogo usiotayarishwa vizuri nao hubaki na sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kemikali inayoizuia thairoidi kuchukua madini hayo. Udaga uliovundikwa na kukaushwa sawasawa umepunguza sehemu kubwa ya sumu hiyo. Muhogo uliofanyiwa haraka haujapunguza. Anasisitiza chumvi yenye madini joto, ifunikwe vizuri na iongezwe chakula kinapokaribia kuiva. Anaonya pia kwamba mtu ambaye thairoidi yake imeshalegea anahitaji vidonge vya thairoksini, na chumvi haiwezi kuvichukulia nafasi.

Dawa za asili hazidharauliwi pale, na hilo limenifurahisha, kwa kuwa bibi zetu hawakuwa wajinga. Uwatu na mdalasini vinaruhusiwa kama viungo, pamoja na onyo kwamba anayekunywa uwatu kwa wingi juu ya dawa za kisukari anaweza kushushwa sukari kupita kiasi. Kinachokataliwa ni pakiti isiyosema kilichomo. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na mgonjwa ana haki ya kuuliza usajili huo. Katika nchi mbalimbali zimekamatwa dawa zilizoitwa za asili ambazo ndani yake zilichanganywa deksamethasoni, steroidi nyingine kali. Mgonjwa hupata nafuu ya haraka, hamu ya kula hurudi, uso hujaa, naye huamini kuwa mizizi imefanya kazi kumbe tezi zake ndizo zinazolazwa.

Sasa niseme yanayonikera. Mapokezi hayana faragha: dada wa kaunta huuliza kwa sauti hedhi yako ilikuja lini, na wanaume waliowasindikiza wake zao wamekaa hatua mbili kutoka hapo. Foleni ya Jumatatu ni ndefu mno, na miadi ya saa 3 asubuhi inaweza kuingia saa 6. Jambo lililonisikitisha zaidi ni kabati la kioo karibu na mlango wa kutokea, lenye makopo ya virutubisho vya “kusawazisha homoni” ambayo daktari mwenyewe hajamwandikia mgonjwa hata mmoja kati ya wote ninaowafahamu. Nilimwuliza mhusika wa kabati hilo kipi kinafaa kwa PCOS, akanionyesha makopo matatu bila kuniuliza swali lolote. Kliniki inayohubiri kupima kwanza inapaswa kuliondoa kabati hilo, au iliweke chini ya uangalizi wa daktari. Gharama za vipimo ni kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida, ingawa bei zimebandikwa ukutani, na ukiomba kuvigawa vipimo kwa awamu wanakubali.

Naipendekeza kwa mwenye hedhi isiyoeleweka, chunusi na ndevu zinazoongezeka, au uchovu wa muda mrefu. Haiwafai wenye dharura. Anayetokwa damu nyingi hadi kuzimia, anayehisi maumivu makali ya tumbo huku huenda ni mjamzito, au anayetoka maziwa bila kunyonyesha huku kichwa kikimuuma na macho yakififia, aende moja kwa moja hospitali kubwa, Sekou Toure au Bugando. Anayetoka Ukerewe kwa ajili ya kipimo cha sukari ni bora alale mjini usiku wa kuamkia, aje na chakula chake kwenye kontena kwa kuwa mgahawa wa jirani huuza chipsi na soda tu, na asikate tiketi ya boti ya siku hiyohiyo kabla hajatolewa damu ya mwisho.