Amani, Muheza: ukienda lala, usiende na kurudi

Jamani mnaopita Segera kila leo mkienda Arusha na Dar, hivi bustani ya Amani huko Muheza, Tanga, mnaiachaje? Mimi naipa alama zote kwa msitu, barabara tutaisema baadae.

Kwanza niwaweke sawa, ukisikia bustani usitegemee maua yaliyopangwa mistari na sehemu ya kupigia picha za harusi. Hii ni bustani ya miti. Wajerumani waliianzisha 1902, wakaleta miti toka kila upande wa dunia kujaribu kama itakubali udongo wa Usambara Mashariki, na imetapakaa huko vilimani kiasi kwamba bila mwenyeji utapita katikati yake ukijua ni msitu tu. Kwa hiyo lipia mtu wa kukutembeza, hela yake usiionee uchungu. Wetu alikuwa kijana wa hapo hapo kijijini, anaokota jani la mkafuri analifikicha anakupa unuse, anaenda kwenye mdalasini, halafu anakusimamisha kwenye mkwinini anakwambia hii ndo dawa ya malaria ya enzi hizo, na kweli Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani walitengeneza kwinini yao hapa hapa Amani.

Ila mti ulioniingia kichwani ni Maesopsis. Uliletwa kupandwa, hondohondo wakapenda matunda yake, wakala wakaenda kudondosha mbegu msituni, leo umeenea kwenye msitu wa asili mpaka wataalamu wanaumiza vichwa. Nilivyoelewa hilo nikaanza kuuangalia msitu wote tofauti, kila mti mkubwa nauliza huyu mgeni au wa hapa?

Ukitaka mmea mwenyeji wa kweli shuka Zigi, kule kwenye stesheni ya zamani ya reli ya Mjerumani. Kwenye miamba yenye majimaji pembeni ya mto unakuta Saintpaulia, yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya manyoya ambayo Ulaya yanauzwa kwenye vyungu kila duka, asili yake milima hii ya kwetu na watu wa Tanga wengi hatujui! Kanaota kwenye ufa wa jiwe, kadogo, inabidi uchuchumae ukaone vizuri. Usichume tafadhali.

Usiku omba mtoke na tochi mkatafute vinyonga. Tulimwona wa pembe tatu amelala kwenye tawi kajikunja mkia, tochi ikimpiga anang'aa rangi ya kijani mpauko, hata hajishughulishi na nyie. Hii ndo sababu nasema lala, anayeondoka saa kumi jioni hajaona kitu. Asubuhi mbega wako juu ya miti na ukitoka kidogo tu unaingia mashamba ya chai, tembea kwa miguu humo, usikae kwenye gari.

Sasa barabara. Tulipoenda sisi, ukiacha lami Muheza ilikuwa vumbi, mawe na kona za kupanda, gari la abiria tulilopanda lilijaza mpaka mlangoni na mizigo juu, mwenye mtoto mdogo bora mkodi la kwenu. Masika, Machi mpaka Mei, kunateleza vibaya, nendeni Juni mpaka Oktoba. Bebeni sweta maana usiku kuna baridi haswa, viatu vya kufunika miguu kwa ajili ya siafu, na chakula agizeni mapema kabla hamjaingia msituni, mkirudi na njaa ndo muanze kuagiza mtasubiri sana.