Shildon: nendeni kwa ajili ya treni, ila msilale nilipolala mimi

Bado nina hasira, siwezi kuficha. Nimerudi toka Shildon wiki kadhaa sasa, na nikikumbuka ule mlango damu inanichemka upya.

Nilimpeleka baba yangu. Mzee alikuwa fundi karakana ya reli Tabora, alianza enzi za Jumuiya kabla haijavunjika 1977. Tangu niko mtoto namsikia akisema iko siku atapaona treni ilikoanzia. Safari hii amekuja kunitembelea, miguu imeanza kumgomea, nikaona nikingoja tena nitajuta. Shildon ni mji mdogo kaskazini-mashariki mwa Uingereza, karibu na Darlington. Hapo ndipo tarehe 27 Septemba 1825 mabehewa ya makaa yalifungwa kwenye injini ya mvuke Locomotion No. 1, mhandisi George Stephenson akaiendesha hadi Darlington na kisha Stockton, watu wamepanda hata juu ya makaa.

Tulifika kama saa sita mchana, mvua na upepo wa baridi. Nyumba ya wageni nilikuwa nimeshailipia yote. Nikagonga. Mama mwenye nyumba akafungua kidogo tu, mnyororo wa mlango hakuutoa. Nikamweleza vizuri: chumba tutasubiri, tunaomba tu Mzee aketi kidogo na aende msalani. Akatazama saa ya mkononi. "Saa tisa." Nikarudia, labda hakunielewa. Akasema wageni wanapokelewa saa tisa, imeandikwa, nikasome. Baba alikuwa ameshavua kofia amsalimie. Mlango ukafungwa kofia iko mkononi, maji yanamtiririka kichwani.

Mzee wa watu! Mtu aliyelipiwa kitanda humo humo ndani! Kwetu hata muuza mkaa akipita mvuani anavutiwa kigoda barazani.

Pale pale nikauchukia mji mzima, matofali yake, maduka yaliyofungwa, barabara tupu. Nikamwambia baba turudi. Akasema, "Mwanangu, sikuja kumwona yule mama."

Basi tukaenda makumbusho, yanaitwa Locomotion, kiingilio bure. Hatujavuka hata mlango vizuri, babu mmoja anayejitolea pale akamwona Mzee anavyotembea, akaja na kiti. Hakuna aliyemwomba. Akakisogeza mbele ya Sans Pareil, injini ya mvuke ile ile aliyoipeleka Timothy Hackworth kwenye mashindano ya injini za treni ya Rainhill 1829. Hackworth alikuwa fundi mkuu wa reli hapo hapo Shildon.

Baba akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaninyooshea kidole: "Tazama, bomba la moshi na mlango wa moto viko upande mmoja." Kweli. Moto unapita ndani ya boila hadi mwisho, unageuka, unarudi ulikotoka. "Maskini mtia makaa," akasema, "moshi wote wake." Nikamtafsiria yule babu, akacheka mpaka akashika goti la baba. Kuanzia hapo sikuhitajika tena. Wazee wawili wakaongea kwa mikono, silinda hivi, magurudumu vile, karibu saa nzima. Babu akamweleza kuwa karakana ya mabehewa iliyoulisha mji ule ilifungwa 1984. Hiyo nayo nilitafsiri, ingawa nadhani baba alishaielewa usoni mwa yule babu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msikanyage Shildon. Nafuta. Nendeni, na kama una mzazi aliyekula mshahara wa reli, mpeleke angali na macho. Makumbusho nayapa nyota zote tano, na ningekuwa na ya sita ningempa babu wa kiti. Ila laleni Darlington. Ile nyumba sitaitaja jina, lakini nyota siipi hata moja, na shuka zilikuwa safi kweli.

Saa tisa na dakika chache tukarudi. Mlango ulikuwa wazi, mama anatabasamu, anauliza kama tumefurahia siku yetu. Baba akavua kofia tena, akamsalimu. Mimi nilipita moja kwa moja hadi chumbani.